Msamiati wa uraia: mimi naanza na neno "ruhusa"

Niliwahi kutunga jaribio la maneno kumi ya uraia na darasa zima likapata alama za juu. Nikajiona mwalimu hodari. Kipindi kilichofuata, mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, si umesema tuna uhuru wa kujieleza? Basi nikimwita huyu mwizi mbele ya watu, hana la kunifanya?" Fasili alikuwa nayo kichwani, neno kwa neno. Tangu siku hiyo fasili naileta mwisho.

Wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 neno "ruhusa" wanalijua vizuri mno. Waulize huomba ruhusa ya nini: kwenda msalani, kuazima kalamu, kutoka nje. Yaandike upande wa kushoto wa ubao. Kisha uliza: unaomba ruhusa ya kuwa na jina? Ya kuamini dini yako? Ya kuwa na maoni? Kwanza watanyamaza, halafu watabishana. Waache wabishane. Yale wanayokubaliana kwamba hayaombewi ruhusa yaandike kulia, na usiipe safu hiyo kichwa mpaka mmoja wao aseme "haki". Akilisema, waambie kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unataja haki ya mtoto kuwa na jina na kupata uraia. Hushangaa kusikia kuna mkataba mzima ulioandikwa kwa ajili yao.

Kwa neno "raia", tumia lugha yenyewe: raia ni mtu, uraia ni hali yake, kama rafiki na urafiki. "Maraia" isahihishe mapema, maana ikizoeleka haitoki. Kisha mtenganishe raia na mkazi. Mtu aliyehamia kutoka nchi nyingine na kukaa hapa miaka kumi, ni yupi kati ya hao? Wengi watasema raia. Mwambie kila anayejibu ataje sababu, na wataona wenyewe kwamba kukaa tu hakutoshi. Hapo ndipo pa kuingiza njia za kupata uraia: kuzaliwa, kurithi kwa wazazi, au kuomba na kukubaliwa, yaani tajnisi. Hilo la mwisho usilikazanie siku ya kwanza.

Jozi inayowachanganya kuliko zote ni kukusanyika na kujiunga. Siwalaumu, maana hata Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 limeyaweka pamoja katika ibara ya 20. Mimi hutumia mpira. Mashabiki wamekusanyika, mechi ikiisha wanatawanyika. Wachezaji wamejiunga na timu. Mechi ikiisha timu bado ipo, na kesho ina mazoezi.

Sasa turudi kwa yule mvulana. Andika visa vifupi kwenye vikaratasi, wavisome wawili wawili. Kimoja: mwanafunzi anaandika shairi la kukosoa uamuzi wa viranja. Kingine: mwanafunzi anaeneza kwamba mwenzake ni mwizi, hana ushahidi. Kila jozi ijibu: nani anataka kufanya nini, neno gani linamlinda, na nani anaumia? Kwenye kisa cha pili watagundua kuna watu wawili wa kulindwa. Ibara ya 19 ya Tamko inalinda maoni. Ibara ya 12 inalinda heshima na sifa ya mtu. Zisome zote mbili kwa sauti, tena polepole. Kisa hiki kipe nusu ya kipindi. Vingine dakika tano zinatosha.

Fasili kila mwanafunzi aandike mwishoni, kwa maneno ambayo mdogo wake wa nyumbani angeelewa, pamoja na mfano mmoja unaofaa na mmoja usiofaa. Ule usiofaa ndio ninaousahihisha kwanza. Aliyenakili kitabuni huwa ameuacha wazi, na daftari lake namrudishia bila alama.