Kabla hujamchukia aliyekukosea

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na kinyongo na jamaa mmoja kazini. Kila asubuhi namsalimu, kimya. Nikamwita mwenye maringo, kimoyomoyo. Siku moja nikakalia kiti cha upande wake wa kulia, nikamsalimu kama kawaida. Akageuka, akaitika kwa bashasha. Kumbe sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni.

Tangu hapo, mtu akiniudhi, nalisimulia kwanza tendo likiwa tupu: "Nilimsalimu, hakuitikia." Nikijisikia nasema "alinipuuza", najua nimeshahukumu. Neno hilo moja lina sumu, maana linadai alikusudia. Mwaka 2008 wanasaikolojia Kurt Gray na Daniel Wegner walionyesha kwamba shoti ileile ya umeme iliwauma watu zaidi walipoamini mwenzao kawachagulia makusudi.

Kisha najiuliza kama angeweza kufanya vingine. Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, maana nikichelewa mimi ni foleni, akichelewa yeye ni dharau.

Nikishindwa kujua, nauliza. Siyo "Mbona unanidharau?" Hapo umeshamfungulia kesi. Sema, "Asubuhi nilikusalimu, sijui ulinisikia?" Ningeuliza hivyo wiki ya kwanza, ningejiokolea miezi ya kununa bure.

Ila bahati mbaya isiwe kichaka cha kujifichia. Akikukanyaga mara moja, mwambie si neno. Akikukanyaga mara ya tatu palepale, na ulishamwambia, huenda bado hakusudii, lakini hajali. Hilo ni lake kabisa, na kumpunguzia mapenzi ni haki yako.

Na mkosaji ukiwa wewe? Mwanasaikolojia Jean Piaget aliwauliza watoto nani mbaya zaidi: aliyevunja vikombe 15 kwa ajali, au aliyevunja kimoja akijaribu kudokoa jamu. Wadogo walihesabu vikombe. Mtu aliyeumia naye huanza kwa kuhesabu vikombe, hata awe mtu mzima. Kwa hiyo anza navyo: "Nimekuharibia, nitalipa." Halafu ndipo useme hukukusudia. Ukianza na "sikukusudia", anasikia unakimbia deni.

Yule jamaa sasa namzungukia meza ili nimfikie kulia. Siku nyingine nasahau, namsalimu kutoka kushoto, anaendelea na kazi zake. Nami naenda kuketi, nafungua kompyuta.