Subnautica kwa anayeanza: namna ya kupita saa za mwanzo

Subnautica ni gemu ya kuishi na kuunda vifaa chini ya bahari, iliyotengenezwa na Unknown Worlds Entertainment na kutolewa rasmi Januari 2018. Meli ya anga iitwayo Aurora inaanguka kwenye sayari ambayo karibu yote ni maji, nawe unajikuta peke yako ndani ya chombo kidogo cha kujiokolea kinachoelea. Hupewi bunduki wala ramani. Mchezaji wa Moshi ambaye maji yake ya kina ni yale ya chemchemi ya Chemka, na ambaye amezoea gemu za mpira na za vita, huona viumbe wakubwa ndio tatizo, ilhali kinachomuua kwanza ni kuishiwa hewa.

Kwa kompyuta, hakikisha una RAM ya GB 4 kwa uchache na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Anayetegemea bando la simu apige hesabu zake kabla ya kuanza kupakua. Katika kuchagua aina ya mchezo, aina ya Freedom huondoa njaa na kiu, na Hardcore hukupa uhai mmoja tu. Ninashauri Survival, aina yenye njaa na kiu, kwa kuwa njaa ndiyo inayokupa sababu ya kutoka chomboni.

Lipo jambo ambalo mchezaji wa hapa kwetu anapaswa kulishika mapema kuliko wa kwingineko: gemu hii haijihifadhi yenyewe. Umeme ukikatika huku unatumia kompyuta ya mezani, kila ulichokusanya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho kimepotea. Kwa hiyo hifadhi kila unaporudi chomboni, na msimu wa masika, mawingu yakishaufunika mlima na radi ikaanza, usisubiri hata kurudi.

Ukishauzima moto uliomo chomboni, chukua chakula na maji yaliyowekwa humo, kisha toka nje. Una hewa ya sekunde 45. Zinaonekana nyingi hadi utakapoinama kuvunja jiwe la pili, ukaona lingine ndani ya pango, ukaingia, na ukigeuka mlango huuoni. Kioo huanza kuwa cheusi pembeni, na mita chache zilizobaki kufika juu huwa ndefu kuliko zote ulizoogelea. Jiwekee kanuni ya kugeuza ukiwa bado na nusu ya hewa, na usiingie pangoni kabisa kabla ya kupata mtungi wa hewa.

Mtungi wa kwanza unahitaji titani 3 tu, nao hufikisha hewa yako sekunde 75. Uunde kabla ya kitu kingine chochote. Titani hupatikana kwa kuvunja mawe ya chokaa yaliyo sakafuni kwenye maji ya kina kifupi, ambayo pia hutoa shaba, au kwa kuokota vipande vya mabaki ya meli, ambavyo kila kimoja hutoa titani 4 ukikipitisha kwenye mashine ya kuundia iliyomo chomboni. Baada ya hapo tengeneza betri kwa uyoga wa asidi 2 na shaba 1, kisha uiunganishe na titani 1 upate kifaa cha kuchanganulia. Wachezaji wengi hukidharau kifaa hiki kwa sababu hakiui wala hakikimbii, lakini bila kuchanganua vipande vilivyotawanyika sakafuni hutajifunza kuunda Seaglide, mashine ndogo ya kukuvuta majini, wala vyombo vikubwa vinavyofuata.

Chakula si shida kubwa. Samaki aitwaye Bladderfish hugeuzwa kuwa maji ya kunywa, na Peeper, mwenye macho makubwa, hupikwa akaliwa. Kuwakamata mchana kwa mikono kunahitaji subira kidogo, basi.

Kwenye msitu wa mwani mrefu utaona mafungu ya mbegu yanayong'aa rangi ya njano. Hayo ndiyo yanayotoa raba ya silikoni ya kutengenezea kisu na mapezi ya miguuni, nayo huchumwa kwa mkono. Humo huzunguka Stalker, mnyama mwenye mdomo mrefu uliojaa meno, ambaye hupenda sana kubeba vyuma. Mwachie kipande cha chuma achezee, nawe vuna mbegu zako upande wa pili.

Vaa hedifoni, maana sauti hukufikia kabla ya mnyama kuonekana, hasa usiku.

Kuhusu Aurora, inayowaka moto mbele ya macho yako tangu dakika ya kwanza, zuia tamaa. Meli hiyo italipuka, na baada ya mlipuko maji yanayoizunguka hujaa mionzi. Nguo ya kujikinga hutengenezwa kwa madini ya risasi 2 na vitambaa 2 vinavyotokana na mwani unaokatwa kwa kisu. Risasi utaipata kwenye mawe ya mchanga, ambayo pia hutoa fedha na dhahabu. Ukishaivaa, hifadhi gemu, kisha ifuate meli kwa ubavuni. Mbele na nyuma yake kuna Reaper, mnyama mkubwa anayeshambulia, na mngurumo wake ukiusikia ukiwa bado hujamwona, geuza.