Namna ya Kulinganisha Injini za Utafutaji kwa Kigezo cha Faragha

Andika maneno "dalili za kisukari" katika injini ya utafutaji unayoitumia kila siku, kisha, kabla hujasoma majibu, tazama upau wa anwani ulio juu ya ukurasa. Katika injini nyingi utayakuta maneno yako yaleyale baada ya herufi q, yakiwa yameunganishwa kwa alama za kujumlisha: q=dalili+za+kisukari. Swali hilo limekwisha kufika kwa mwenye injini, na limeandamana na anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti), aina ya kivinjari, lugha uliyoichagua na vidakuzi, yaani vipande vidogo vya taarifa ambavyo tovuti huvihifadhi katika kifaa chako ili kukutambua. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha injini hizi aweke kando kaulimbiu zilizoandikwa kwenye kurasa zao za mwanzo, na badala yake aulize mambo matatu: swali langu linapokelewa na nani, linahifadhiwa kwa muda gani, na linaunganishwa na taarifa gani nyingine zinazonihusu.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, na tukio la mwaka 2006 linaonyesha sababu. Mwezi Agosti mwaka huo kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani, kwa ajili ya watafiti, maswali yapatayo milioni 20 yaliyoandikwa na watumiaji wake wapatao 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Majina ya watumiaji yalikuwa yameondolewa na kila mmoja kupewa namba. Hata hivyo, haikuchukua siku nyingi kabla waandishi wa gazeti la New York Times hawajamtambua mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia kwa kusoma tu aliyoyatafuta: maradhi, mji wake, watu wa ukoo wake. Maswali ya mtu mmoja yakipangwa pamoja humtaja mwenyewe, hata pasipo jina. Basi sera ya faragha inaposema kwamba taarifa "hazina jina", tafuta mahali inapoeleza kama maswali yako bado yamefungwa katika fungu moja.

Anza na sera ya injini uliyonayo. Google hueleza kwamba huondoa sehemu ya anwani ya IP katika kumbukumbu zake baada ya miezi 9 na taarifa za vidakuzi baada ya miezi 18. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, mambo ni tofauti, kwa kuwa historia ya utafutaji huweza kuhifadhiwa chini ya jina lako. Akaunti zilizofunguliwa tangu katikati ya mwaka 2020 zimewekewa ufutaji wa kiotomatiki wa miezi 18, lakini akaunti za zamani hazikubadilishwa bila mwenyewe kuchagua. Fungua mipangilio ya akaunti, uchague miezi 3, au uzime kabisa uhifadhi huo. Kazi hiyo ya dakika mbili ina faida kuliko kuhamia injini mpya huku ukiacha historia ya miaka kumi nyuma yako.

Hatua inayofuata ni kujua majibu yanatoka wapi, maana injini nyingi ndogo hazina faharasa yao wenyewe, yaani orodha ya kurasa za mtandao inayotumika kutafutia majibu. DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008, hutegemea sana majibu ya Bing, injini ya Microsoft. Inaahidi kutohifadhi anwani ya IP pamoja na maswali, nayo matangazo yake huchaguliwa kwa kufuata neno uliloandika, si kwa historia yako. Lakini ukibofya tangazo, Microsoft huipata anwani yako ya IP ili kuhesabu malipo. Mwaka 2022 iligundulika pia kwamba kivinjari cha DuckDuckGo, si ukurasa wake wa kutafutia, kiliviruhusu baadhi ya vifuatiliaji vya Microsoft kwa sababu ya mkataba kati yao, na baadaye mwaka huohuo kampuni ikaongeza uzuiaji. Startpage ya Uholanzi imejulikana kwa kununua majibu ya Google na kuyaomba kwa niaba yako, na ina kiungo kinachokuwezesha kufungua ukurasa kupitia seva yake bila tovuti husika kuiona anwani yako. Brave Search, iliyozinduliwa mwaka 2021, na Mojeek ya Uingereza zina faharasa zao.

Baada ya kusoma sera, pima majibu yenyewe, na upime kwa Kiswahili. Andika maswali matatu uliyowahi kuyahitaji kweli. Moja liwe na neno lenye maana nyingi, kwa mfano "paa", uone kama injini inakuletea mabati, mnyama au ukurasa wa lugha nyingine kabisa. La pili liwe la kiserikali, kama ada ya leseni ya biashara. La tatu litegemee mahali ulipo: "duka la dawa lililo karibu". Hapo ndipo gharama ya faragha inapoonekana, kwa sababu injini isiyotaka kujua uliko haiwezi kukuonyesha duka la mtaani kwako. Mimi huona ni busara kuliandikia swali la namna hiyo jina la mtaa kwa mkono.

Hali fiche ya kivinjari (incognito) isikudanganye. Hiyo hufuta historia katika kifaa chako tu. Kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020 kuhusu jambo hilo iliishia kwa Google kukubali, mwaka 2024, kuharibu mabilioni ya kumbukumbu. Vilevile kampuni inayokuuzia bando huona jina la tovuti unayoifungua, ingawa maneno ya swali hufichwa na usimbaji wa https, unaoyageuza kuwa siri njiani, wakati kompyuta ya ofisini inaweza kuwa na programu inayoona kila kitu.

Ukishaamua, fungua mipangilio ya kivinjari na ubadilishe injini chaguomsingi, kwenye simu na kwenye kompyuta. Kisanduku cha kutafutia kilicho kwenye skrini ya mwanzo ya simu nyingi za Android hakifuati badiliko hilo. Kiondoe, la sivyo nusu ya maswali yako yataendelea kwenda kulekule.