Kufunga barua pepe za bei na akaunti: tunavyofanya Tukuyu

Mimi ndiye ninayeshika barua pepe za ofisi yetu hapa Tukuyu. Tunakusanya parachichi za Hass kwa wakulima wa Rungwe, na mnunuzi wetu mkubwa yuko Uholanzi. Barua nyingi hazina siri yoyote: picha za matunda, tarehe ya kontena, salamu. Zinazonikosesha usingizi ni za aina mbili, zenye bei na zenye namba ya akaunti ya benki. Bei ikivuja, dalali anajua pa kutubana. Namba ya akaunti ikichezewa, hela ya wakulima inaingia kwa mwizi, na kuirudisha ni kazi.

Wengi hudhani barua pepe ya kawaida imeshafungwa. Kweli, siku hizi hulindwa ikiwa safarini kati ya seva na seva. Ikishafika, mwenye seva anaweza kuifungua, na aliyeiba nenosiri lako naye anaisoma yote, pamoja na za miaka ya nyuma.

Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta. Ni ya bure, na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina OpenPGP, mfumo wa kufunga barua kwa funguo, ndani yake, huongezi kitu. Mfumo wenyewe ulizaliwa na PGP, ambayo Mmarekani Phil Zimmermann aliitoa mwaka 1991, kwa hiyo umeshazoeleka.

Weka kwanza akaunti yako ya barua pepe kwenye programu. Kisha fungua mipangilio ya akaunti, tafuta sehemu ya usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani kufunga barua aisome mwandikiwa tu, uongeze ufunguo mpya wa OpenPGP. Utapata jozi ya funguo, wa umma na wa siri. Ufunguo wa umma ni sawa na kufuli lililo wazi: wagawie wateja wote, kila mmoja akufungie barua kwa kufuli lako. Wa siri unabaki kwako, haupewi mtu, hata bosi.

Kabla ya kutuma chochote, fanya mambo mawili. Weka nenosiri kuu la Thunderbird, maana bila hilo yeyote anayeikuta kompyuta imewashwa anasoma kila kitu. Halafu hifadhi nakala ya ufunguo wa siri kwenye flashi. Programu itakudai nenosiri la kuilinda. Flashi yetu inakaa kwenye sefu pamoja na mihuri. Kompyuta ikifa bila nakala hiyo, barua zote ulizofungiwa hazisomeki tena, na hakuna wa kumpigia akufungulie.

Sasa kubadilishana funguo, na hapa usiwe na haraka. Ufunguo wa mteja hufika kama kiambatisho chenye mkia wa .asc. Programu itauliza kama unaukubali. Usikubali kwa sababu tu jina ni lake. Jina mtu yeyote anaweza kuandika. Kila ufunguo una alama yake ya utambulisho, tarakimu na herufi 40 zilizopangwa nne nne. Mpigie mteja mlinganishe alama hiyo, kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo hiyo. Mimi na dada wa uhasibu wa Uholanzi tulisomeana hivyo kwenye simu ya WhatsApp. Nikisema C ya Chunya, D ya Dodoma, yeye ananijibu D ya Den Haag, tunacheka, tunasonga kundi linalofuata. Herufi moja ikigoma, mnaanza upya. Zikilingana zote, ndipo unabonyeza kwamba umehakiki.

Ukiandika barua, washa usimbaji na saini ya kidijitali, vyote viwili. Kwa biashara yetu mimi naithamini saini kuliko hata kuficha, kwa kuwa inaonyesha barua imetoka kwetu na haikuguswa njiani. Wanunuzi tumewaambia: barua ya akaunti ya benki isiyo na saini yetu, msilipe, pigeni simu.

Kuna vitu havifichiki. Nani kamwandikia nani, na saa ngapi, hubaki wazi. Kichwa cha barua Thunderbird inaweza kukificha, lakini si programu zote zinazokielewa. Nyingine huonyesha vitone vitatu tu. Kwa hiyo bei usiiweke kwenye kichwa hata siku moja. Andika "Mzigo wa wiki hii", inatosha.

Bosi wetu, tunamwita Mzee, husoma barua kwenye simu, na ya kwanza iliyofungwa ilimtokea kama kiambatisho kisichoeleweka. Kwenye Android kuna OpenKeychain, programu ya kutunza funguo, inayofanya kazi na Thunderbird ya simu. Mzee hakuitaka. Anakuja mezani kwangu na kahawa yake, anasoma hapo.

Mteja asiyetaka habari za funguo usimlazimishe. Proton Mail, huduma ya barua pepe ya Uswisi, inakuruhusu kumtumia barua yenye nenosiri hata kama yeye hana akaunti huko. Au funga PDF ya ankara kwa nenosiri, umtajie kwa sauti kwenye simu. Ukiliandika kwenye barua inayofuata umefanya kazi bure.

Ufunguo una mwisho wake: Thunderbird huweka miaka mitatu usipobadilisha. Ongeza muda kabla haujaisha, na utume tena ule wa umma kwa wateja. Kompyuta ikiibiwa, chukua flashi, ingiza ufunguo kwenye mashine nyingine, ubatilishe, kisha wapigie wanunuzi siku hiyo hiyo.