Mnunuzi kapitia mlango gani? Kutia alama linki za duka lako la mtandaoni

Kabla hujatoa shilingi kulipia tangazo, jua kwanza wateja ulio nao sasa wametokea wapi. Wenzangu wengi wenye tovuti hapa Arua wanahesabu laiki na wafuasi, lakini ukiwauliza wanunuzi walipitia wapi, wanakisia. Mimi nauza vitenge, na wateja wangu wametapakaa: Koboko, Kampala, Juba, na ng'ambo ya mpaka wa Kongo kule Ariwara na Bunia. Idadi ya jumla ya waliofungua tovuti hainiambii lolote kuhusu watu hawa. Nataka kujua nani alikuja kwa njia ipi, na nani kati yao aliuliza bei.

Anza na Google Analytics, chombo cha Google kinachohesabu wageni wa tovuti na walikotoka; haina malipo. Ukishaifungua, nenda kwenye mipangilio uweke saa za Kampala na sarafu ya shilingi ya Uganda. Kisha tafuta muda wa kuhifadhi data. Kwa kawaida huwa umewekwa miezi 2. Upandishe hadi 14. Ukiuacha ulivyo, Idi ikifika hutaweza kufanya uchambuzi wa kina kuilinganisha na ya mwaka uliopita, nasi wauza nguo Idi na Krismasi ndiyo misimu yetu.

Sasa shida yenyewe. Biashara yetu kubwa inapita WhatsApp, lakini mtu akibofya linki ndani ya WhatsApp, mara nyingi Google Analytics haioni alikotoka. Inamweka kwenye fungu la waliokuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani yako kwa mkono. Utaliona fungu hilo limefura, udhani jina lako limeenea mjini, kumbe ni stetasi yako ya jana usiku.

Dawa yake ni kutia alama kila linki kabla ya kuituma. Mwisho wa anwani ya ukurasa unaongeza maneno haya:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=stetasi&utm_campaign=idi

La kwanza linataja mtandao, la pili linataja mahali ndani ya mtandao huo, la tatu linataja shughuli. Linki ya kikundi cha wateja wa Juba iwe na yake, ya stetasi na yake, ya TikTok na yake. Andika kwa herufi ndogo siku zote, kwa kuwa "WhatsApp" na "whatsapp" vitahesabiwa kama vitu viwili. Na usitie alama hizi kwenye linki za ndani ya tovuti yako, mfano kutoka ukurasa wa mbele kwenda wa bei. Utavuruga habari ya mgeni alikotoka. Kama linki ndefu inawatia watu wasiwasi (na ni kweli inawatia, matapeli wamejaa), mwombe fundi wako atengeneze anwani fupi ndani ya tovuti yako mwenyewe inayompeleka mtu kwenye ile ndefu.

Facebook inahitaji uangalifu wa pekee hapa Uganda. Ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na watu wakazoea kuiingia kwa VPN. VPN humwonyesha mtu kana kwamba yuko nchi ilipo seva yake. Kwa hiyo ripoti inaweza kukuambia una wageni kutoka Uholanzi au Marekani, nao wamekaa Yumbe wakitafuta kitenge cha harusi. Usianze kubandika bei za dola! Chukua waliokuja na alama ya Facebook, uangalie saa zao. Wakijaa jioni ya kwetu, karibu wote ni watu wa kwetu. Takwimu za nchi kwa kundi hilo mimi siziamini kabisa, naamini alama.

Linalobaki ni kuunganisha ziara na mauzo. Duka langu halina malipo ya kadi. Mteja anaandika WhatsApp, tunakubaliana, analipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Kitufe cha kuniandikia ni linki ya wa.me (inayofungua mazungumzo ya WhatsApp) yenye namba yangu kuanzia 256, na mwishoni nimeweka ?text= na ujumbe uliokwisha andikwa: "Habari, naulizia pisi ya yadi 6, kitenge K14." Kila kitenge kina ujumbe wake. Google Analytics ya sasa huhesabu yenyewe mibofyo ya linki zinazotoka nje ya tovuti, mradi hujazima kipengele hicho, kwa hiyo naona ni alama gani iliyoleta watu waliobofya kitufe. Hapo ndipo unapogundua kuwa video iliyotazamwa sana haikuleta swali hata moja, na kikundi kidogo kilichopoa kinanunua kila wiki. Mimi muda wangu naupeleka kwenye kikundi.

Usipachike vifuatiliaji vingi, yaani vyombo vya kuhesabu wageni kama Google Analytics, kwenye tovuti moja. Kila kimoja kinakula bando la mteja, na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Kimoja kinatosha. Ukipenda data ikae kwako badala ya Google, ipo Matomo, chombo kingine cha kazi hiyo hiyo, ya bure ukiisimika kwenye seva yako.

Na tuwaheshimu watu hawa. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya kukusanya taarifa zake binafsi. Weka tangazo fupi la vidakuzi (cookies, vifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye simu ya mgeni ili kumtambua) kwa lugha anayoielewa mteja wako, si Kiingereza kitupu. Usitie jina wala namba ya simu ya mtu ndani ya zile alama, maana zinaonekana na kila anayeiona linki. Na aliyekuandikia kuuliza bei tu, usimwingize kwenye kikundi cha matangazo kabla hujamuuliza kama anataka.