Usimwekee mtu nafasi kwenye foleni ya bembea za Uingereza

Naandika haya kwa ndugu zangu mnaoishi Uingereza, hasa mnaotarajia kupokea wageni kutoka nyumbani msimu wa likizo. Watoto watataka kupelekwa kwenye bustani ya burudani, zile zenye rola kosta na bembea za kila aina, nanyi mtakubali kwa sababu mgeni hutembezwa. Nendeni. Lakini kabla hamjakata tiketi, shikeni jambo moja, maana ndilo lililonigharimu zaidi ya pauni 200 na machozi ya watoto watatu: huku mtu hawekewi nafasi kwenye foleni. Awe mama yako, awe mtoto wako, awe mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi.

Sisi tumekulia foleni za aina nyingine. Kwenye bomba la mtaa, ndoo ndiyo inayosimama, mwenyewe yuko nyumbani anamenya ndizi. Ukienda kufuatilia kitambulisho, unamwambia aliye mbele yako, "Dada, mimi niko nyuma yako, natoka mara moja," unakwenda kunywa chai, unarudi, na dada huyohuyo anakutetea: "Huyu alikuwepo." Kandambili, jiwe, kipande cha tofali, vyote nimeviona vikipanga foleni na vikaheshimiwa. Kwetu nafasi ni ya mtu hata asipokuwepo, mradi ana shahidi. Ni utaratibu mzuri na siuonei haya. Nilikosea kuupeleka mahali ambapo haujulikani.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, shule zimefungwa. Mama mdogo alikuwa amekuja kutoka Tanga na wajukuu wake wawili. Ukituongeza mimi, mke wangu na mwanangu, tulikuwa sita. Bustani yenyewe siitaji, na si yoyote kati ya zile nitakazozitaja huko mbele. Ubao wa mchezo mkubwa ulisema kusubiri ni dakika 80. Mama mdogo akalalamika miguu, wajukuu wakataka choo, wote wakawa na njaa. Nikasema kwa kujiamini, "Nendeni mkale, sisi wawili tutawawekea nafasi." Mke wangu akawapeleka, mimi na mwanangu tukaingia.

Tulipobakiza kona mbili nikapiga simu. Wakaja. Foleni hizi hupangwa kwa minyororo inayokwenda na kurudi, kwa hiyo ili kunifikia walilazimika kupita katikati ya watu zaidi ya mia. Namwona mama mdogo hadi leo: mtandio wa buluu, koti langu la mvua, mfuko wa chapati kifuani, anainamisha kichwa kwa shukrani kwa kila anayempisha. Aliamini wanampisha kwa heshima ya umri wake. Nami niliamini hivyohivyo, kwa sababu hakuna aliyesema neno.

Hapo ndipo mtego ulipo, ndugu zangu. Ukimya wa Mwingereza si ruhusa. Kwetu ukichomekea, utasikia: "We kaka, unakwenda wapi?" Unaeleza, mnabishana kidogo, yanaisha palepale. Huku hawabishani na wewe. Mzee mmoja nyuma yangu aligonga ulimi mara mbili kwenye meno, kisonyo kifupi kama kiberiti kilicholowa, si ule msonyo wetu mrefu unaosikika nyumba ya pili. Sikukitilia maanani. Kumbe lile lilikuwa onyo kali kuliko yote ambayo angeweza kunipa usoni. Lililofuata alikwenda kulisema kwa wenye bustani.

Hazikupita dakika tano wakaja wafanyakazi wawili. Binti mmoja akauliza kwa upole kama hawa wameingia sasa hivi. Nikajibu kwa fahari, "Ndiyo, ni familia yangu, nimewawekea nafasi." Kwa sentensi hiyo nilikuwa nimekiri kosa. Akatuambia wote sita tutoke kwenye foleni.

Sikilizeni vizuri sehemu hii. Kama ningesema "samahani, sikujua" nikatoka, ningepoteza saa moja tu na siku ingeendelea. Nilibaki kueleza. Nikaeleza tena, sauti ikapanda. Mama mdogo akanishika bega: "Zungumza nao vizuri, mwanangu, mtu huwa anaeleweshwa." Alipoona hawaeleweki, akafungua pochi, akatoa noti ya pauni 20 na kuninong'oneza, "Wape ya soda, yaishe." Nilimkamata mkono, lakini binti alikwisha kuiona. Tukasindikizwa hadi nje ya geti, tiketi zote zikawa zimekufa. Kwenye maegesho watoto walilia, na mama mdogo akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Tumemwibia nani?"

Baadaye nilisoma masharti ya tiketi. Sentensi ilikuwepo: anayeruka foleni anaweza kutolewa bila kurudishiwa fedha. Ilikuwepo pia kwenye bango mlangoni mwa foleni, nimelipita nikitazama simu. Niliandika barua pepe tatu za malalamiko na nikarudishiwa sentensi ileile mara tatu.

Basi narudia. Kundi lote liingie kwenye foleni kwa pamoja, kwa mlango mmoja, kwa wakati mmoja. Asiyetaka kupanda abaki nje tangu mwanzo. Mwenye haja aende choo kabla. Mtoto akishikwa na haja mkiwa katikati, mwite mfanyakazi umuulize utaratibu wao kabla ya kutoka, wala usitegemee maneno ya jirani uliyezoeana naye foleni, kwa sababu akija kuulizwa hatakuwa shahidi wako. Na ukiambiwa utoke, toka. Usieleze, usipandishe sauti, na kwa jina la Mungu usitoe noti. Wageni wetu waambieni hili la noti kabla hamjatoka nyumbani. Shangazi zetu na mama zetu wadogo hawana nia mbaya. Wamezoea nchi ambayo hela ya soda hupoza mambo. Hapa inakugeuza kutoka mtu aliyekosea kuwa mtu anayehonga.

Nimejiuliza sana kwa nini foleni ina uzito huu kwao. Septemba 2022, Malkia Elizabeth II alipofariki na mwili wake kulazwa Westminster Hall, ukumbi wa Bunge jijini London, watu walipanga foleni kando ya mto Thames, katika njia iliyopangwa ifike takriban kilomita 16, na kuna wakati muda wa kusubiri ulitangazwa kuwa saa 24 au zaidi. Mwanasoka wa zamani David Beckham alisimama humo kwa muda wa karibu saa 12 kama mtu yeyote. Watangazaji wawili wa televisheni walituhumiwa kuwa wameruka foleni. Wakajieleza kwamba waliingia kikazi kama wanahabari, lakini hasira ya watu haikupoa upesi. Kuna jambo jingine la foleni ile ambalo laiti ningeliwaza mapema: kila mtu alivalishwa mkanda wa mkononi wenye namba, na kwa mkanda huo aliruhusiwa kutoka kidogo, kwenda choo au kununua chai, na kurudi mahali pake. Kwa hiyo nafasi inaweza kulindwa hata huku, ila kwa alama iliyotolewa na wenye foleni. Neno la jirani halitoshi, na undugu hautoshi.

Mimi naona kuna hasara katika hili. Ndoo yetu bombani inadai watu wajuane na waaminiane. Foleni yao haidai kumjua mtu, na pengine ndiyo sababu inafanya kazi katika mji wa wageni watupu. Lakini utasimama dakika 90 mgongoni mwa mtu usijue hata jina lake, na mama wa miaka 61 hatapewa nafasi ya mbele kwa ajili ya umri wake. Jambo hilo linaniuma, na sijalizoea.

Linaloniuma zaidi ni lile la kulipia. Bustani zilezile zinazokutoa kwa kuchomekea zinauza tiketi za kupita mbele. Katika bustani kubwa kadhaa za hapa huitwa Fastrack. Mwenye nayo anaingilia mlango wake wa pembeni, na foleni mbili zinapokutana, mfanyakazi huwapitisha wengi wa kule kwa mmoja au wawili wa kwenu. Dakika zako zinarefuka kwa pesa ya mwingine. Disney walianzisha FastPass, tiketi yao ya kupita mbele, mwaka 1999 na ilikuwa bure. Mwaka 2021 huko Florida ikaja ya kulipia badala yake. Mzee aliyenisonyea hakumsonyea yeyote wa mlango ule. Nadhani kwao dhambi ni kupita mbele bila utaratibu, na pesa wanaihesabu kuwa utaratibu. Sikubaliani nao, lakini ni vyema ulijue. Na ukiamua kuinunua, jua kwamba Fastrack si kiingilio: lazima uwe pia na tiketi ya kuingia bustani. Soma pia ni ya mchezo gani na ya mara ngapi.

Sasa, watu huvumilia muda gani? Zaidi ya unavyodhani. Tarehe 13 Juni 2019, bustani ya Universal ya Orlando, Marekani, ilipofungua rola kosta ya pikipiki za Hagrid, yule wa hadithi za Harry Potter, siku ya kwanza muda wa kusubiri ulifika saa 10, na watu walisubiri. Huku Uingereza saa moja na nusu mwezi Agosti si ajabu, kwa mchezo usiofika hata dakika tatu. Nimewatazama: mpaka dakika 40 hivi watu wanaongea na kucheka, ikifika saa moja kila mtu yuko kwenye simu, ikipita hapo hakuna anayetoka, kwa sababu ameshatoa saa nzima na hataki ipotee bure. Mwaka 1985 msomi mmoja, David Maister, aliandika kwamba muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko ulio na shughuli, na kwamba kusubiri usikojua mwisho wake kunachosha kuliko unakojua. Ndiyo maana ya vile vibao vya dakika, na ya mapambo na televisheni ndani ya foleni. Namba ya ubao mara nyingi huwekwa juu kidogo kuliko hali halisi, ufike ukiwa umefurahi. Sisi hatukuzoea kusimama saa mbili kwa starehe. Tunasimama kwa ajili ya maji, matibabu, karatasi, pantoni. Kwa hiyo jipangieni kikomo kabla ya kuingia. Kwetu ni dakika 45, na zikizidi tunakwenda mchezo mwingine.

Mengine ni ya kawaida. Tiketi kata mtandaoni siku kadhaa kabla, getini ni ghali. Fika kabla geti halijafunguliwa na anza na mchezo mkubwa, maana foleni fupi ni za saa ya kwanza na ya mwisho. Pima watoto nyumbani wakiwa na viatu: kwenye bustani ya Alton Towers, kwa mfano, rola kosta za Nemesis na The Smiler zinataka sentimita 140, Wicker Man 120, na mtoto aliyepungua hata kidogo hapandi, usimbembeleze mtu. Wazazi wenye mtoto mdogo waulizie utaratibu wa kubadilishana, mmoja apande huku mwingine akimshika mtoto, kisha wabadilishane bila kuanza foleni upya. Huo unatolewa na bustani yenyewe, kwa hiyo ni halali. Mwenye ulemavu au mtoto mwenye usonji, bustani kubwa nyingi zina kibali maalumu lakini zinataka ujisajili kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu siku ya kwenda: shule nyingi za England kwa kawaida huwa na siku tano kwa mwaka za mafunzo ya walimu, ambazo wanafunzi hawaendi, na nyingi hujipangia zake. Angalia kalenda ya shule yako, nenda siku hiyo, wakati watoto wa wengine wako darasani. Usimtoe mtoto shuleni bila ruhusa. Upande wa England, tangu Agosti 2024 faini huanzia pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, utoro ukifika kiwango chao.

Sisi tulirudi Juni iliyofuata, siku ya namna hiyo, bustani nyingine. Mama mdogo alikuwa amekuja tena na wajukuu walewale, na safari hii alichagua mwenyewe kukaa benchi na mfuko wa chapati. Ubao ulisema dakika 20. Kabla hatujavuka mnyororo wa kwanza, mwanangu alisimama mlangoni, akatuzuia kwa mkono, akaanza kuhesabu vichwa: mama, baba, Tanga wawili, mimi. Akahesabu tena. Halafu akamwonyesha mfanyakazi vidole vitano, na tukaingia.