Jinsi ya Kupanga Alasiri ya Kuteleza kwenye Theluji ya Karibu na Kuitunza Siri ya Mahali

Alasiri ya kuteleza kwa skii, vile vibao virefu vyembamba vinavyofungwa viatuni, karibu na nyumbani haihitaji mlima wenye lifti wala safari ndefu. Inahitaji muda wa saa tatu au nne za mwanga, mteremko mfupi ambao mtu anaweza kuupanda kwa nguvu za miguu yake, wenzake wawili anaowaamini, na theluji ambayo bado haijaharibiwa na jua, upepo au skii za watu wengine. Hilo la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalozaa karibu utani wote wa mchezo huu, kwa kuwa kila mtelezaji wa siku nyingi ana mahali pake anapoapa kwamba hapajulikani na mwingine yeyote, ingawa mara nyingi hapo hapo pana alama za skii za watu watano.

Anayetafuta theluji nzuri huanza kwa kutafuta kivuli. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, miteremko inayotazama kaskazini hupata jua kidogo na la kimshazari, hivyo theluji yake hubaki kavu na nyepesi siku kadhaa baada ya ile ya upande wa kusini kuyeyuka juu na kuganda tena. Katika nusu ya kusini mambo hugeuka, na upande wa kusini ndio wenye baridi. Theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia, lakini ikichakaa, au ikiangukiwa na vumbi, majani na vipande vya magome ya miti, huakisi kidogo na kunyonya joto zaidi. Ndiyo sababu ukingo wa njia iliyokanyagwa huwa wa kwanza kuoza, ilhali kibonde kilicho hatua 50 kando ya njia hiyo hiyo kinaweza kubaki cheupe kwa wiki nzima zaidi.

Baada ya kivuli, fikiria upepo. Upepo huikwangua theluji upande unaokabiliana nao na kuimwaga upande wa pili wa mgongo wa kilima, ambako hewa hutulia. Mtu anayejua upepo wa dhoruba ya juzi ulitoka wapi anaweza kukaa mezani na ramani yenye mistari ya mwinuko akakisia, bila kutoka nje, ni mifereji ipi imejaa na ni migongo ipi imebaki mawe matupu. Msitu nao una tabia yake: matawi ya miti ya kijani hudaka theluji kabla haijafika chini, lakini uwazi mdogo katikati ya miti huipokea yote, kisha miti inayouzunguka huulinda dhidi ya jua na upepo. Usiku usio na mawingu, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni kama maji, kwa hiyo shimo dogo lililo chini linaweza kuwa na theluji kavu kuliko kilele kilicho juu yake.

Ushauri ambao wengi huupuuza ni huu: kapatembelee mahali hapo wakati ambapo hakuna theluji. Matembezi ya nusu saa ardhi ikiwa kavu yatakuonyesha uzio wa waya, kijito, mawe na visiki ambavyo baadaye vitafunikwa kwa sentimita 20 za kitu cheupe kinachovutia macho. Mimi nilijifunza hilo kwa kisiki kimoja ambacho hadi leo nakijua kuliko ninavyowajua baadhi ya jamaa zangu; kilinichubua sehemu ya chini ya skii ya kushoto kwa urefu wa kiganja, na wenzangu wakakibatiza jina langu. Ukiwa huko, ulizia pia ardhi ni ya nani. Siri iliyo ndani ya shamba la mtu ambaye hakuombwa ruhusa huwa haidumu.

Kuhusu saa ya kutoka, alasiri ina hesabu zake. Mwishoni mwa majira ya baridi, theluji iliyoganda usiku huwa ngumu asubuhi, kisha hulainika tabaka la juu kwa sentimita chache, na hapo ndipo huteleza vizuri kuliko wakati wowote. Baadaye hulowa hadi chini na kuwa nzito. Miteremko inayotazama mashariki hulainika kwanza na ile ya magharibi mwisho, kwa hiyo wanaotoka baada ya saa sita mchana hupata bahati yao magharibi. Viatu vikianza kuzama kupita vifundo, na vitonge vya theluji vikianza kubingirika vyenyewe chini ya miguu yako, muda umekwisha na unapaswa kuondoka kwenye miteremko mikali. Katikati ya majira ya baridi tatizo ni jingine kabisa: jua hutua mapema, mwanga huwa bapa, usio na vivuli, kiasi cha kuficha mashimo na matuta, na kofia yenye taa ni lazima hata kama umeahidi kurudi mapema.

Nta ya kupaka chini ya skii inastahili uvumilivu kidogo. Kwa skii za kutembelea tambarare, nta ya kutelezea hupakwa ncha ya mbele na ya nyuma, na nta ya kushikia hupakwa katikati, chini ya wayo, ili skii iume theluji unapojisukuma. Chagua rangi ya nta kwa kufuata halijoto iliyoandikwa kwenye kopo, paka tabaka jembamba, lisugue kwa kizibo mpaka ling'ae, kisha upake jingine. Matabaka manne membamba hushinda moja nene. Halafu ziache skii nje kwa dakika 10 au 15 kabla ya kuzikanyaga. Skii iliyotoka ndani ya nyumba yenye joto huyeyusha theluji inayoigusa, maji yale huganda papo hapo, na baada ya hatua tatu unajikuta umesimama juu ya visigino virefu vya barafu huku wenzako wakikuuliza kama umekuja harusini. Theluji iliyo karibu na nyuzi sifuri ndiyo yenye ukaidi kuliko zote, na hata wazoefu huikosea.

Sasa usalama, ambao hauna utani. Maporomoko mengi ya theluji yanayoua huanzia kwenye miteremko yenye pembe ya nyuzi 30 hadi 45, na miteremko hiyo ndiyo inayopendeza kuteleza. Kuipima ni rahisi: laza fimbo yako juu ya theluji ikielekea chini ya mteremko, weka simu juu ya fimbo, na usome pembe kwenye programu ya kupimia mlalo. Pima pia kwa macho kilicho juu yako, kwa sababu tambarare iliyo chini ya mteremko mkali si salama kama inavyoonekana. Theluji iliyorundikwa na upepo, ile ile uliyokuwa ukiisaka kwenye ramani, ndiyo inayoporomoka kwa wepesi. Ukiona mpasuko unaokimbia mbele ya skii zako, au ukisikia mlio mzito wa theluji kudidimia, kama wa mtu aliyejibwaga ghafla juu ya godoro, geuka na urudi kwa njia uliyojia.

Pale ambapo taarifa rasmi ya hatari ya maporomoko hutolewa, isome asubuhi hiyo hiyo. Huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini hupangwa kwa ngazi 1 hadi 5, na ngazi ya 3 isikudanganye kwa kuwa katikati, maana watu wengi hufia siku za namna hiyo. Katika ardhi yenye mwinuko kila mmoja abebe kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafutia aliyefukiwa, kinachotumia kilohezi 457, fimbo ndefu ya kudunga theluji ili kumgusa aliye chini, na sepetu, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia. Uwezekano wa aliyefukiwa kutoka hai huporomoka baada ya takriban dakika 10 hadi 15 za kwanza, na ndani ya muda huo waokoaji wake ni wale wale aliokuja nao. Msituni, epuka mashimo ya theluji laini yanayozunguka mashina ya miti, kwani mtu anaweza kutumbukia humo kichwa chini na akashindwa kujinasua.

Turudi kwenye siri. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ya siku hizi ina intaneti. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake nukta kamili za mahali ilipopigwa, na programu za kurekodi safari huchora mstari kamili hadi mlangoni pako. Mwaka 2018 watu waligundua kwamba ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyojumlisha njia za watumiaji wake duniani kote, ilikuwa inaonyesha mzunguko wa mbio za askari ndani ya kambi za kijeshi. Kama kambi hazikusalimika, kibonde chako hakina ujanja. Zima kipengele cha mahali, na upige picha ukielekeza kamera kwenye theluji badala ya upeo wa macho.

Ukiulizwa mlikokuwa, jibu ama kwa uongo ulio wazi kabisa ama kwa ukweli usiomsaidia mtu. "Ni rahisi tu, bwana: ukifika kwenye mti, pinda kushoto," ni jibu zuri kwa msitu wenye miti elfu kumi. "Tuliteleza upande wenye baridi" nalo halina kasoro. Kisichofaa ni uongo unaoaminika, kwa sababu mwulizaji anaweza kuufuata kesho akaishia chini ya mteremko usioujua wewe wala yeye. Akikuuliza kuhusu hatari, utani unakoma hapo hapo na unamweleza yote uliyoyaona. Tena, kabla ya kutoka, mtu mmoja aliyebaki nyumbani lazima ajue jina halisi la mahali, mtakapoegesha gari na saa ya kurudi. Mchague asiyeteleza, ataitunza siri kwa sababu haimvutii hata kidogo.

Linabaki tatizo moja ambalo sijapata dawa yake. Nyayo zinazotoka barabarani na kuingia msituni ni ramani ambayo kila mpita njia anaweza kuisoma. Sisi hujaribu kuanzia mbali, kando ya njia ya kawaida, na kukatiza msituni baada ya kona ya pili. Mara ya mwisho, tukishuka jioni, tulikutana na watu wawili wakipanda taratibu juu ya alama zetu wenyewe, skii zao zikiingia sawia kwenye mifereji tuliyoichonga. Wakatuuliza kwa heshima kama kuna theluji huko juu. Tulikuwa na theluji kwenye kofia, kwenye nyusi na ndani ya kola, na mwenzangu akawajibu bila kupepesa macho, "Kidogo tu."